John Abraham, mwongozaji wa Kihindi aliyechangisha sarafu vijijini ili atengeneze filamu

Utajapo jina la John Abraham mbele ya wapenzi wa filamu za Kihindi, wengi watamkumbuka mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1972, yule mwenye misuli aliyevuma kwa kuendesha pikipiki katika filamu ya Dhoom ya mwaka 2004. Lakini katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, jina hilo lina mwenyewe mwingine. Huyo hakuwa na misuli wala pikipiki. Alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu, asiye na makazi ya kudumu, na alipofariki dunia tarehe 31 Mei 1987, akiwa na umri wa miaka 49, aliacha filamu nne tu za urefu kamili.

Kufanana kwa majina hayo si jambo la ajabu. Wakristo wa Kerala, ambao mapokeo yao husema kuwa walihubiriwa na Mtume Tomaso katika karne ya kwanza, wamekuwa wakiwapa watoto wao majina ya Biblia kwa vizazi vingi. Baba wa mwigizaji huyo wa Mumbai naye ana asili ya Kerala. Zaidi ya hapo, watu hao wawili wanatofautiana kama mchana na usiku. Mmoja ni nyota wa biashara kubwa ya filamu, na mwingine alitumia maisha yake kutafuta njia ya kuikwepa biashara hiyo.

Filamu iliyomjengea jina ni ya mwisho, Amma Ariyan, iliyotoka mwaka 1986 na ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa "Taarifa kwa Mama". Gharama zake hazikulipwa na tajiri, wala benki, wala serikali. Fedha zilitoka mifukoni mwa watu wa kawaida wa Kerala waliochangishwa nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji. Miaka mingi kabla watu hawajazoea kuomba michango kwa njia ya intaneti, John Abraham na wenzake walifanya kazi hiyo kwa ngoma, kwa michezo ya kuigiza ya barabarani na kwa projekta ya kubebeka.

Swali alilojaribu kulijibu ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulitekeleza. Ikiwa anayetoa fedha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kinachosemwa katika filamu, je, itakuwaje iwapo anayetoa fedha ni mtazamaji mwenyewe?

Kutoka ofisi ya bima hadi chuo cha filamu

John Abraham alizaliwa tarehe 11 Agosti 1937 katika jamii ya Kikristo ya Kerala, na asili ya familia yake ni Kuttanad, nchi ya mashamba ya mpunga na mifereji ya maji. Baada ya masomo aliajiriwa na Shirika la Bima ya Maisha la India na kupangiwa kazi Bellary, mji ulio mbali na kwao. Kazi ya namna hiyo ilikuwa na heshima yake, kwani ilikuwa na mshahara wa uhakika na pensheni mwishoni.

Yeye hakukaa. Aliiacha ajira hiyo akajiunga na taasisi ya filamu ya mjini Pune, iliyoanzishwa na serikali ya India mwaka 1960 ili kufundisha uongozaji, upigaji picha, uhariri na fani nyingine za sinema. Alihitimu huko kwa medali ya dhahabu. Baada ya kuhitimu alifanya kazi kama msaidizi wa Mani Kaul katika filamu ya Uski Roti, iliyotoka mwaka 1969 na ambayo huhesabiwa miongoni mwa zile zilizofungua njia ya sinema mpya nchini India, yaani sinema isiyotegemea nyimbo, ngoma na nyota wakubwa.

Hata hivyo, mtu aliyemwachia alama kubwa zaidi alikuwa mwalimu wake, Ritwik Ghatak. Huyu alizaliwa Dhaka mwaka 1925, akashuhudia Bengali ikigawanywa mwaka 1947 na mamilioni ya watu wakigeuka wakimbizi katika nchi waliyoidhani ni yao. Filamu zake zilizunguka jeraha hilo, hasa Meghe Dhaka Tara ya mwaka 1960 na Subarnarekha iliyoonyeshwa mwaka 1965. Kabla ya sinema, Ghatak alikuwa mtu wa tamthilia katika chama cha wasanii wa mrengo wa kushoto kilichopeleka michezo kwa wakulima na wafanyakazi. Filamu yake ya kwanza, Nagarik, ilikamilika mwaka 1952 lakini haikuonyeshwa kwa umma mpaka mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Ghatak alifundisha Pune kwa muda mfupi tu katikati ya miaka ya 1960, lakini wanafunzi wake, wakiwamo Mani Kaul, Kumar Shahani na John Abraham, walibaki wakimtaja maisha yao yote. Kutoka kwake John alichukua imani kwamba sanaa isiyowafikia watu haijakamilika. Ulevi na maisha ya kutotulia, yaliyomwandama mwalimu, yalimwandama mwanafunzi pia.

Watoto, punda na mwenye shamba

Filamu yake ya kwanza ya urefu kamili, Vidyarthikale Ithile Ithile, ilitoka mwaka 1972. Ni kisa cha watoto wa shule wanaovunja sanamu ya shule yao wakicheza mpira, kisha wakalazimika kutafuta fedha ili kuirudisha. Haikuvuma sana. Lakini anayejua yaliyofuata hawezi kuacha kuona kwamba tangu mwanzo mtu huyu alivutiwa na habari ya watu wasio na kitu wanaokusanya kidogo kidogo ili kutimiza jambo linalowazidi kimo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1977, alivuka mpaka wa lugha na kutengeneza filamu ya Kitamil, Agraharathil Kazhuthai, yaani "Punda katika Mtaa wa Wabrahmini". Wabrahmini ni tabaka la makuhani, lililo juu katika mpangilio wa matabaka ya Kihindu. Profesa mmoja anamwokota punda mchanga aliyefiwa na mama yake na kumpeleka kijijini kwao, ambako msichana bubu anamtunza. Kila baya linalotokea kijijini, lawama humwangukia punda. Mwishowe wanamuua. Mara tu anapokufa, watu wanaanza kuona miujiza, na punda aliyeuawa anageuka kuwa kitu cha kuabudiwa.

Wahakiki wengi wameilinganisha na Au hasard Balthazar, filamu ya Mfaransa Robert Bresson ya mwaka 1966 ambayo nayo inamhusu punda. Lakini punda wa John Abraham ana kazi tofauti. Anabeba kejeli kali dhidi ya ushirikina na majivuno ya tabaka. Ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil, lakini haikuwaepusha wahusika na ghadhabu ya wale waliojiona wametukanwa. Televisheni ya taifa, Doordarshan, iliwahi kuipangia siku ya kuirusha, kisha ikaighairi kufuatia malalamiko.

Hapo John alijifunza somo moja. Serikali yaweza kukuvisha nishani kwa mkono mmoja na kukufungia mlango kwa mkono wa pili.

Filamu ya tatu, Cheriyachante Kroorakrithyangal, yaani "Ukatili wa Cheriyachan", ilitoka mwaka 1979 na kumrudisha katika mashamba ya Kuttanad. Mhusika mkuu ni mwenye shamba anayeshuhudia wakulima wakishambuliwa. Yeye mwenyewe hakuinua mkono, lakini hatia ya tabaka lake inamtafuna mpaka anapagawa kwa hofu. Nafasi hiyo aliipewa Adoor Bhasi, mchekeshaji aliyependwa mno Kerala, naye akatunukiwa tuzo ya jimbo ya mwigizaji bora wa mwaka huo.

Katika miaka hiyo John alitamani pia kutengeneza filamu kuhusu Kayyur, kijiji cha kaskazini mwa Kerala ambacho wakulima wake wanne walinyongwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1943. Mpango huo haukutimia.

Njia tatu za fedha

Ili kuelewa uzito wa hatua aliyoichukua baadaye, sharti kwanza ieleweke jinsi filamu zilivyopata fedha.

Katika biashara ya kawaida, mtayarishaji hukopa au hupokea malipo ya awali kutoka kwa wasambazaji, na wasambazaji hutazama majina ya nyota na nyimbo kabla ya kufungua mkoba. Msururu huo una faida yake, kwani ndio uliolilisha soko kubwa la filamu za India. Lakini mwongozaji mwenye kisa kisicho na nyota wala nyimbo hana pa kuingilia.

Njia ya pili ilikuwa serikali. Mwaka 1960 serikali ya India iliunda shirika la kukopesha watengenezaji filamu, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo likawa mlezi wa sinema mpya. Adoor Gopalakrishnan, mhitimu mwingine wa Pune, alipata mkopo wake kwa ajili ya Swayamvaram, filamu ya mwaka 1972 iliyobadili sura ya sinema ya Kimalayalam.

Njia ya tatu ilikuwa tajiri mwenye moyo wa sanaa. Kerala ilimpata mtu wa namna hiyo kwa K. Ravindranathan Nair, mfanyabiashara wa korosho wa mji wa Kollam. Fedha za korosho zake zililipia filamu kadhaa za G. Aravindan, zikiwamo Kanchana Sita ya mwaka 1977 na Thampu ya mwaka 1978, na za Adoor Gopalakrishnan, ikiwamo Elippathayam ya mwaka 1981. Inasifiwa hadi leo kuwa hakuwaingilia waongozaji wake.

Adoor, Aravindan na John ndio watatu wanaotajwa kwa pamoja kuwa nguzo za sinema mpya ya Kerala. Wawili walipata kivuli cha kujistiri. John, kwa hulka yake na kwa ukali wa siasa zake, alibaki juani. Lakini haikuwa suala la bahati peke yake, kwani yeye alishuku kivuli chenyewe. Mkopo wa serikali ni mkono wa serikali, na tajiri, awe mwema kiasi gani, ni mtu mmoja.

Ulikuwapo pia mfano uliokaribia wazo lake. Mwaka 1976 mwongozaji Shyam Benegal alitengeneza filamu ya Manthan katika jimbo la Gujarat kuhusu vyama vya ushirika vya maziwa, na wafugaji 500,000 wanachama wa ushirika huo walichangia rupia 2 kila mmoja. Lakini wafugaji wale walikwisha kuwa na chama, daftari na mahali pa kukatia fedha kila siku walipopeleka maziwa. John Abraham hakuwa na ushirika wala daftari. Ilimbidi awatafute wachangiaji mmoja mmoja.

Ngoma za Odessa

Mwaka 1984, mjini Kozhikode, John na kundi la vijana waliunda umoja walioupa jina la Odessa. Jina hilo linatoka katika bandari ya Bahari Nyeusi ambayo ngazi zake zilipata umaarufu katika filamu ya Kirusi ya Battleship Potemkin ya Sergei Eisenstein, iliyotengenezwa mwaka 1925 kuhusu maasi ya mabaharia ya mwaka 1905. Kwa wapenzi wa sinema wa mrengo wa kushoto, kulitaja jina hilo kulitosha kueleza nia.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kundi liliingia kijijini likipiga ngoma ili watu watoke majumbani, na mara nyingine likaigiza mchezo mfupi barabarani. Usiku ukiingia, waliweka projekta na kuonyesha filamu, kwa mfano The Kid ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, ambayo haihitaji mkalimani kwa kuwa haina maneno. Kisha bakuli likapitishwa. Aliyekuwa na noti alitoa noti, aliyekuwa na sarafu alitoa sarafu. Walielezwa wazi kwamba fedha hizo ni za kutengeneza filamu yao wenyewe, na kwamba ikikamilika itarudi kuonyeshwa kwao.

Ilikuwa ni harambee, na kama harambee yoyote ilisimama juu ya uaminifu. Mchangiaji hakupewa hisa wala risiti ya faida. Alichopewa ni ahadi.

Mbegu hiyo isingeota popote pale. Ilidondoka katika udongo uliokwisha kulimwa. Kerala ilikuwa na vuguvugu la maktaba za vijijini tangu miaka ya 1940. Michezo ya kuigiza ya kisiasa ilikuwa imezunguka jimboni humo tangu miaka ya 1950, na mwaka 1957 wapiga kura wake waliweka madarakani serikali ya kikomunisti kwa njia ya kura. Mwaka 1965 Adoor Gopalakrishnan na wenzake walianzisha chama cha filamu cha Chitralekha, na vyama vya namna hiyo vikaenea, vikikodi filamu za Kirusi, za Kifaransa na za Kijapani na kuzionyesha katika kumbi za miji midogo. Mkulima wa Kerala aliyeombwa kuchangia filamu hakuliona ombi hilo kuwa la kichaa.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilijaa. Mwaka 1986 filamu ilikamilika.

Safari ya kumpelekea mama habari

Amma Ariyan ina urefu unaokaribia saa mbili, na picha zake hazina rangi. Kijana Purushan, ambaye nafasi yake iliigizwa na Joy Mathew, anaondoka kwenda Delhi kwa masomo na kumwahidi mama yake kwamba atamwandikia mara kwa mara. Akiwa njiani katika milima ya Wayanad, anakutana na polisi waliopata maiti ya kijana iliyoning'inia mtini. Sura ya marehemu inamkaa moyoni. Anaiacha safari ya Delhi na kuanza kuwatafuta watu wanaoweza kumtambua.

Maiti inatambulika kuwa ya Hari, mpiga tabla aliyevutwa na siasa za mapinduzi. Sasa yupo mama mmoja huko Kochi ambaye hajui kwamba mwanawe amekufa. Purushan na wenzake wanaamua kumpelekea habari wao wenyewe. Wanashuka kutoka milimani, wanapita Kozhikode na miji mingine ya pwani, na kila wanapopita, kijana mwingine anajiunga. Walioanza wachache wanafika wengi.

Katikati ya kisa hicho John aliingiza matukio ya kweli ya Kerala ya wakati huo, kama vile mgomo wa wanafunzi wa udaktari waliopinga elimu yao kugeuzwa biashara na mapambano ya wafanyakazi wa machimbo ya mawe. Mtazamaji haonyeshwi wazi mpaka uliopo kati ya kisa cha kubuni na taarifa ya habari. Picha zilipigwa na Venu na kuhaririwa na Bina Paul, wote wawili wakiwa vijana waliotoka katika taasisi ya Pune.

Kwa mtazamaji wa Kerala, maiti ile ya Wayanad haikuwa ya kubuni kabisa. Misitu hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wa Wanaxal, wakomunisti waliochukua silaha dhidi ya wamiliki wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiongozi wao, A. Varghese, aliuawa huko mwezi Februari mwaka 1970 akiwa mikononi mwa polisi. Kisha ikaja hali ya hatari iliyotangazwa na Waziri Mkuu Indira Gandhi mwezi Juni mwaka 1975 na kudumu mpaka mwezi Machi mwaka 1977. Katika kipindi hicho P. Rajan, mwanafunzi wa uhandisi wa Kozhikode, alichukuliwa na polisi mwaka 1976 na hakuonekana tena. Kesi iliyofunguliwa na baba yake ilimwondoa madarakani Waziri Mkuu wa jimbo, K. Karunakaran, mwezi Aprili mwaka 1977.

Kwa hiyo swali la filamu, yaani nani atakwenda kumwambia mama, lilikuwa swali halisi katika nyumba nyingi. John hakuwageuza vijana wale kuwa mashujaa wasio na doa. Aliwauliza, na kupitia kwao akakiuliza kizazi kizima, kama waliwahi kufikiri juu ya wanawake waliowaacha nyuma walipokwenda kupigania ulimwengu mpya.

Katika tuzo za taifa za mwaka 1986 filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya jopo la waamuzi, na Venu akapata tuzo ya upigaji picha bora. Lakini safari yake ya maana zaidi haikuwa ya jukwaani. Odessa hawakuipeleka katika msururu wa kawaida wa majumba ya sinema. Waliibeba kama walivyoahidi, wakairudisha kwa waliochanga, na kuionyesha vijijini bila ya kiingilio, ila kwa hiari ya mtazamaji.

Mpango uliompoteza mtu wake

Usiku wa tarehe 30 Mei 1987, mjini Kozhikode, John Abraham alianguka kutoka juu ya jengo. Siku iliyofuata alifariki dunia. Haukuwa umetimia hata mwaka mmoja na nusu tangu filamu yake kubwa ikamilike.

Simulizi kumhusu zilianza kuzagaa mara moja, na hazijakoma. Wapo wanaokumbuka ulevi wake, wapo wanaokumbuka hadithi fupi alizoandika, na wapo wanaosimulia namna alivyotokea nyumbani kwa watu bila taarifa na kuondoka vivyo hivyo. Simulizi hizo zina ladha, lakini zina hatari ya kumfunika. Mtu akigeuzwa kioja, kazi yake husahaulika, na kazi ya John ilikuwa ya mahesabu na miguu, kwa maana ilihitaji maelfu ya maombi, maelfu ya sarafu na mamia ya usiku wa kuonyesha filamu.

Odessa haikuzikwa pamoja naye. Mwenzake Sathyan, aliyejulikana kwa jina la Odessa Sathyan, aliendelea kwa miaka mingi kutengeneza filamu za maisha halisi chini ya jina hilo. Hata hivyo, umoja huo haukuweza tena kutoa filamu ya kisa yenye ukubwa wa Amma Ariyan. Hapo ndipo palipo udhaifu wa mfumo wenyewe. Mkopo wa serikali una ofisi inayobaki hata mtumishi akistaafu, na biashara ina wasambazaji wanaorudi kila msimu. Mchango wa hiari hutegemea imani, na imani ya wanakijiji ilikuwa imeshikamana na mtu. Kuchanga mara moja ni rahisi kuliko kuchanga kila mwaka, na gharama za mikanda, maabara na nakala hazikungoja.

Alama aliyoiacha

Waliofanya kazi naye walitawanyika katika sinema ya India. Venu akawa mmoja wa wapiga picha wanaoheshimiwa na baadaye mwongozaji. Bina Paul aliongoza kwa miaka mingi uteuzi wa filamu wa tamasha la kimataifa la Kerala, lililoanza mwaka 1996. Joy Mathew, yule Purushan aliyeiacha safari ya Delhi, alirudi mwaka 2012 akiwa mwongozaji wa filamu ya Shutter. Shirikisho la vyama vya filamu katika jimbo hilo nalo hutoa tuzo kwa jina la John Abraham.

Wazo lenyewe limeibuka upya kwa sura nyingine. Filamu ya Sudevan iitwayo CR No: 89, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo za michango, ilichaguliwa kuwa filamu bora ya jimbo kwa mwaka 2013. Mwaka 2014 Sanal Kumar Sasidharan alitengeneza Oraalppokkam kwa fedha alizochangisha kupitia mtandao wa Facebook. Filamu hiyo ilipokosa nafasi katika majumba ya sinema, kundi lake liliipakia katika gari lililopewa jina la Cinema Vandi, yaani "gari la sinema", likazunguka nayo Kerala na kuionyesha kwa watu.

Tofauti haiko katika zana peke yake. Anayechanga kwa kubonyeza simu aghalabu huwa peke yake chumbani, hamjui mwenzake aliyechanga. Aliyetupa sarafu katika bakuli la Odessa alifanya hivyo mbele ya jirani zake, baada ya kukaa nao chini usiku wakitazama filamu moja. Na ilipokamilika Amma Ariyan, alikaa nao tena mahali pale pale kuona fedha yake ilikwenda wapi.